Sifuri ya Kufunika Kombe

Kuna kauli imezoeleka mno katika ofisi zetu za takwimu, kuanzia halmashauri hadi wizarani, na miongoni mwa vijana wanaotuundia programu za ripoti: "Palipo wazi weka sifuri, ripoti itoke." Anayeisema ana nia njema. Kesho kuna kikao, mkurugenzi anasubiri, jedwali lina matundu, na kompyuta inatoa neno NULL katikati ya ukurasa, neno ambalo hakuna mjumbe anayetaka kuliona. Sifuri inaziba tundu. Jedwali linajaa, asilimia zinatoka, kikao kinaendelea. Nasema kauli hiyo ni potofu, tena ina madhara, na wanaoumia kwayo hawamo kikaoni.

Nachukua mfano wa Malindi. Si ile ya pwani ya Kenya. Nasema Malindi ya Lushoto, juu milimani, kwenye njia inayopanda kutoka mjini kupitia Magamba kuelekea Mtae. Huko watu wanalima viazi, kabichi, karoti na maharage kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama anashikwa na kizunguzungu. Masika yakishika, njia zinakuwa utelezi mtupu, pikipiki zinasukumwa kwa mikono, na karatasi iliyotakiwa kufika wilayani inabaki zahanati. Mwezi huo, kwenye jedwali la wilaya, mstari wa zahanati hiyo uko wazi. Je, uwazi huo unasema watoto hawakuugua? Unasema hawakuchanjwa? Hausemi hili wala lile. Unasema hatujaambiwa. Anayeandika sifuri pale amelijibu swali kwa niaba ya watu asiowajua, na jibu lake litasomwa kana kwamba limetoka kwao.

Tufanye hesabu, maana ugomvi huu unaamuliwa na hesabu. Tuseme kuna vituo vitano, na tunataka wastani wa watoto wa chini ya miaka mitano waliotibiwa kuhara kwa mwezi mmoja. Cha kwanza kimeleta 40, cha pili 35, cha tatu 25. Cha nne hakijaleta kitu. Cha tano kimeandika 0, na muuguzi ameiandika kwa kukusudia, kwa kuwa amepitia rejesta yake na hakukuta mtoto hata mmoja. Jumla ni 100. Afisa wa "weka sifuri" anagawa kwa tano, anapata 20. Mwenzake anayeiachia programu iruke palipo wazi anagawa kwa nne, anapata 25. Wa tatu anatumia mfumo usiohifadhi sifuri, kwa hiyo kituo cha tano nacho kimetoweka. Anagawa kwa tatu, anapata 33. Karatasi ni zile zile, kikao ni kile kile, na kila mmoja ataapa kwamba kompyuta haikosei. Sasa tuseme kituo cha nne kilichelewa kwa sababu mvua ilikata barabara, na mvua hiyo hiyo iliingiza uchafu kwenye chemchemi, wakatibiwa watoto 90. Wastani wa kweli ni 38. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeufikia, na aliyepotea zaidi ni yule wa sifuri.

Huyo wa tatu sikumtunga. Taarifa za vituo vyetu vya afya zinaandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, kisha zinaingizwa kwenye DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Tanzania iliisambaza wilaya zote kufikia 2013 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni programu nzuri, na sina ugomvi nayo. Lakini kwa kawaida yake haihifadhi sifuri, isipokuwa aliyeiandaa ameweka alama kwamba kwa kipengele fulani sifuri ihifadhiwe. Sababu yake ni ya kiufundi: sifuri ni nyingi, zinajaza hifadhi na kuichelewesha mashine. Matokeo yake ni kwamba muuguzi aliyehangaika kuandika 0 na mwenzake aliyeacha kisanduku wazi wanaonekana sawa. Kazi ya yule wa kwanza imefutwa. Kila msimamizi wa mfumo anapaswa kukaa chini apitie vipengele vyake kimoja kimoja, aulize: hapa sifuri ina maana? Kwa vifo vya wajawazito ina maana kubwa. Kwa tauni ina maana kubwa. Alama ile inawekwa mara moja tu.

Mfumo huo huo una kitufe cha kukamilisha, ambacho mwingizaji anakibonyeza akimaliza fomu. Ukisikia wilaya imefikia ukamilifu wa asilimia 100, ujue fomu zote zimebonyezewa kitufe hicho. Huambiwi ni visanduku vingapi ndani ya fomu vimejazwa. Fomu yenye visanduku nusu wazi inahesabiwa kamili sawasawa na ile iliyojaa. Wilaya zinashindanishwa kwa asilimia hiyo, na ukimshindanisha mtu kwa kitufe atabonyeza kitufe.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana hawana upungufu wa hoja.

Hoja yao ya kwanza: sifuri haidhuru jumla. Ukijumlisha 40, 35, 25 na sifuri, unapata 100 ile ile. Ni kweli. Lakini 100 hiyo si jumla ya vituo vitano. Ni kiwango cha chini, idadi ambayo ukweli hauwezi kushuka chini yake. Ukiiandika "angalau 100, vituo 4 kati ya 5" umesema kweli. Ukiiandika "100" na kunyamaza, umedai kitu usichokijua. Vilevile, ripoti haiishii kwenye jumla. Jumla inagawanywa, inalinganishwa na mwezi uliopita, inachorwa grafu. Mwezi ambao vituo viwili havikuleta, mstari wa grafu unaporomoka, na mtu mbele ya kikao anasema kuhara kumepungua. Kumbe kilichopungua ni karatasi.

Kwenye chanjo madhara yanaonekana kwa macho. Chanjo ya penta, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na maambukizi ya Hib, iliingia nchini 2009. Mtoto anapata dozi ya kwanza akiwa na wiki 6 na ya tatu akiwa na wiki 14. Kiwango cha chanjo kinapatikana kwa kugawa waliochanjwa kwa walengwa, na walengwa wanakadiriwa kutokana na sensa. Tuseme zahanati ina walengwa 600 kwa mwaka, yaani 50 kwa mwezi, na inawachanja wote. Taarifa za miezi mitatu hazikufika. Anayejaza sifuri anapata 450 juu ya 600, asilimia 75. Namba ya juu imepungua, ya chini imebaki nzima. Muuguzi ambaye hakumwacha mtoto hata mmoja anaitwa wilayani kujieleza. Upande wa walioacha njiani ni mbaya zaidi. Kiwango hicho kinapatikana kwa kuchukua dozi ya kwanza, kutoa dozi ya tatu, kisha kugawa kwa dozi ya kwanza. Dozi ya kwanza 48, kisanduku cha dozi ya tatu kiko wazi, unaweka sifuri: asilimia 100 ya watoto wameacha chanjo! Kama ukweli ulikuwa 45, walioacha ni asilimia 6. Na kama kilichoachwa wazi ni kisanduku cha dozi ya kwanza, kompyuta inagoma kugawa, au kijana ameiwekea kinga na inatoa sifuri, ikimaanisha hakuna aliyeacha. Tundu lile lile, likihama kisanduku, linageuza zahanati mbovu kuwa bora na bora kuwa mbovu.

Wahandisi wa programu wana toleo lao la kauli hii, na linaonekana la kitaalamu zaidi. Katika lugha ya SQL, inayotumika kuhoji hifadhidata nyingi, kuna amri inaitwa COALESCE. Inachukua thamani ya kwanza isiyo NULL. Ni amri yenye manufaa, lakini imegeuzwa dawa ya kila ugonjwa: kila safu wima inavishwa COALESCE na sifuri, kuanzia mwanzo wa programu hadi mwisho, kabla mtu hajauliza kwa nini pako wazi. Ukimuuliza mwandishi wake anajibu kwamba NULL inaharibu hesabu. Hapo ndipo tunapoachana. NULL haiharibu hesabu. Inakataa kuitoa hesabu isiyokuwepo.

Tazama kwa karibu. Vituo vitatu vimeleta idadi ya wagonjwa wa kiume na wa kike. Cha kwanza: 12 na 10. Cha pili: 9, na kwa wanawake pako wazi. Cha tatu: kwa wanaume pako wazi, wanawake 8. Ukiiambia hifadhidata ijumlishe wanaume na wanawake kwa kila kituo, halafu ijumlishe vituo, kituo cha kwanza kinatoa 22, cha pili NULL, cha tatu NULL, na jumla kuu inakuwa 22. Ukiiambia ijumlishe wanaume wote kwanza, kisha wanawake wote, kisha iunganishe, unapata 21 na 18, yaani 39. Excel, ukitumia alama ya kujumlisha, itasoma palipo wazi kuwa sifuri na kukupa 39 pia. Maafisa wawili wa ofisi moja wanaweza kupeleka 22 na 39 kutoka kwenye data ile ile, na wote wameandika amri sahihi. Shabiki wa COALESCE anasema: umeona? Weka sifuri, utapata 39 kokote unakopita. Ni kweli utapata 39 kokote. Lakini 39 si idadi ya wagonjwa wa vituo vitatu, kama ambavyo 22 siyo. Tofauti ya majibu mawili ilikuwa inakuonyesha kwamba kuna jambo la kwenda kuuliza, nawe umeiondoa tofauti badala ya kwenda kuuliza.

Kuna mtego mwingine ambao nadhani kila anayeandika ripoti angeufundishwa siku ya kwanza kazini. Unataka orodha ya vituo ambavyo havijaleta taarifa. Unaandika amri ya kawaida: nipe vituo ambavyo havimo, yaani NOT IN, kwenye jedwali la taarifa zilizofika. Sasa kwenye jedwali hilo kuna mstari mmoja tu ambao jina la kituo halikujazwa; karatasi ilifika, mwingizaji hakuusoma mwandiko, akaruka. NULL hiyo moja inatosha. Hifadhidata inajiuliza: je, kituo cha Malindi kimo kwenye orodha hii? Haikioni, lakini kuna mstari mmoja usiojulikana ni wa nani, na huenda ni wa Malindi. Kwa hiyo haiwezi kuthibitisha kwamba Malindi haimo. Inajiuliza hivyo kwa kila kituo, na orodha inatoka tupu. Afisa anasoma: hakuna kituo ambacho hakijaleta taarifa. Ripoti iliyoundwa kutafuta pengo imezibwa mdomo na pengo, na afisa aliyezoea kuamini kwamba tupu ni sawa na sifuri anafurahi, anaandika "vituo visivyoleta: 0". Dawa yake ipo, NOT EXISTS badala ya NOT IN, na rejesta kamili ya vituo upande wa kushoto wa jedwali ili kila kituo kiwe na mstari wake hata kama hakuna kilichofika. Lakini mtu asiyeshuku hatumii dawa hiyo.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ina uzito zaidi, kwa sababu inatoka kwa watu wa kituoni. Wanasema: mhudumu akiacha wazi, mara nyingi anamaanisha hakuna. Zahanati ina muuguzi mmoja, foleni imefika nje, unamtaka aandike sifuri sabini kwenye fomu? Ameacha wazi, na kila mtu anaelewa.

Mara nyingi, ndiyo. Ndiyo maana jambo hili ni gumu. Uwazi mmoja una maana ya "hakuna", wa pili una maana ya "sikupata muda", wa tatu "vipimo viliisha, hatukupima", wa nne "sisi hatuna wodi ya wazazi, swali hili halituhusu". Mtu aliyekaa Dodoma hawezi kuzitenganisha, na sifuri yake inazivuruga zote kwa pamoja. Kwamba mara nyingi ni "hakuna" hakumpi ruhusa ya kuamua kwamba kila mara ni "hakuna". Fomu ndefu mno ifupishwe, hilo nakubali kwa moyo wote. Visanduku sabini ambavyo hakuna anayevisoma ni uonevu. Vinavyobaki viandikwe.

Na wataalamu wa magonjwa ya mlipuko walishalimaliza jambo hili zamani. Mwaka 1998 nchi za Kanda ya Afrika za Shirika la Afya Duniani zilikubaliana juu ya mkakati wa ufuatiliaji jumuishi wa magonjwa, na ndani yake kuna sharti linaloitwa taarifa ya sifuri: kituo ambacho hakikuona mgonjwa wa ugonjwa unaofuatiliwa hakinyamazi, kinaleta 0. Sharti hilo halina maana yoyote kama tupu na sifuri ni kitu kimoja. Limewekwa kwa sababu kunyamaza kwa kituo ni dalili ya hatari, na 0 iliyoandikwa na mtu aliyefungua rejesta ni ushahidi kwamba kuna aliyetazama.

Lushoto inalijua hilo kuliko wilaya nyingi. Tauni iliingia huko mwaka 1980 na haikuondoka kwa zaidi ya miaka ishirini; wagonjwa walioandikwa walipita elfu 7. Ugonjwa wa panya na viroboto, wa mitoki na homa kali, uliotibika kwa dawa za kawaida kama mgonjwa alifika mapema na ulioua kama alichelewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Ubelgiji walitumia miaka mingi wakijiuliza kwa nini tauni inarudi vijiji fulani vya Usambara Magharibi mwaka baada ya mwaka na kuviruka vingine. Swali hilo lote linasimama juu ya vijiji visivyo na wagonjwa. Kijiji kisicho na jina kwenye daftari la tauni: kilisalimika, au watu wake walifia majumbani bila kufika hospitali? Ukiviandikia vijiji vyote hivyo sifuri, unaweza kujenga nadharia nzima ya udongo, mwinuko, misitu na panya juu ya umbali wa zahanati. Utaamini kwamba mahali fulani pana kinga, kumbe pana mwendo wa nusu siku hadi kwa mganga. Mtafiti makini anakwenda kuuliza wazee wa kijiji kabla hajaandika chochote. Kwa nini mwandishi wa ripoti ya kila mwezi aruhusiwe kutouliza?

Kuna kundi la kati, linalojiona limeepuka kosa. Hawaweki sifuri, wanaruka. Wanasema amri ya wastani katika SQL, AVG, imeundwa kuruka NULL, Excel nayo inaruka, basi tatizo limeisha. Hawa wako karibu na ukweli kuliko wenzao, lakini nao wamefanya dhana bila kuitamka: kwamba vituo visivyoleta vinafanana na vilivyoleta. Mwaka 1976 mwanatakwimu wa Marekani Donald Rubin alionyesha kwamba kuruka hakuna madhara pale tu ambapo kukosekana hakuhusiani na kile kilichokosekana. Taarifa ikipotea kwa bahati tu, kama kikombe cha chai kimemwagikia karatasi, ruka. Ikipotea kwa sababu ya jambo lile lile unalolipima, kuruka kunakudanganya. Na milimani ni ya namna hii ya pili. Zahanati inayochelewesha ni ya mbali, mwezi wa mvua, yenye muuguzi mmoja aliyezidiwa. Wagonjwa wakizidi, karatasi zinapungua. Mfanyabiashara wa viazi wa Malindi aliyepakia malori matatu kwenda Dar es Salaam hahitaji kufundishwa hili: mawili yakirudi na fedha na la tatu bado, hasemi la tatu limeuza bure, wala hasemi bila shaka limeuza kama mengine. Anapiga simu kwa dereva.

Upande wa mvua watu wametunga kanuni, na zinanipa moyo. Kipima mvua kinasomwa saa tatu asubuhi. Msomaji anaandika milimita alizozikuta. Pakiwa pakavu anaandika 0.0, pakiwa na manyunyu yasiyopimika anaweka alama yake ya pekee, asipofika, anaacha wazi. Hali nne, maandishi manne. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unaruhusu wastani wa joto wa mwezi uhesabiwe hata siku chache zikikosekana, kwa mipaka iliyotajwa. Kwa mvua ni mkali: jumla ya mwezi haitolewi kama siku zimekosekana, isipokuwa maji ya siku hizo yamekusanywa ndani ya kipimo na kusomwa pamoja baadaye. Sababu iko wazi kwa mkulima yeyote wa Usambara. Joto la jana na la leo linafanana, lakini mvua ya siku moja inaweza kuwa nusu ya mvua ya mwezi. Hapo kila aina ya hesabu imepewa sharti lake. Ripoti zetu za afya, elimu na kilimo zinahitaji masharti ya namna hiyo, yaliyoandikwa na kusainiwa, kipengele kwa kipengele.

Nimesikia pia watu wakiegemea majina makubwa. Wanasema hata wataalamu wa hifadhidata wanaichukia NULL, na wanamtaja Chris Date. Ni kweli Date ameipinga kwa miongo mingi, na hoja zake kuhusu mantiki ya majibu matatu, ndiyo, hapana na haijulikani, ni nzito. Lakini Date hakusema mahali pake pawekwe sifuri. Alitaka majedwali yapangwe upya ili kisichojulikana kisipewe kisanduku cha kuanzia. Aliyemtaja ili kutetea sifuri hajamsoma. Na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa IBM huko California, ambaye makala yake ya 1970 ndiyo msingi wa hifadhidata hizi zote, aliliweka jambo hili ndani ya kanuni zake za 1985: kanuni ya tatu inataka taarifa iliyokosekana iwe na namna yake ya kuwakilishwa, tofauti na maandishi matupu, tofauti na sifuri, tofauti na namba nyingine yoyote. Baadaye alikwenda mbali zaidi akapendekeza alama mbili, moja ya kinachohusika lakini hakijulikani, nyingine ya kisichohusika kabisa. Watengenezaji wa programu hawakumfuata. Walikosea, na zahanati isiyo na wodi ya wazazi inaonekana kila mwezi kama zahanati ambayo hakuna mama anayetaka kujifungulia.

"Namba nyingine yoyote" ya Codd inawahusu na wale wanaoandika 99 au 999 mahali pa umri usiojulikana. Kwenye dodoso ni desturi halali, kwa sharti kwamba anayehesabu anaifahamu. Asiyeifahamu ataupata wastani wa umri wa wajawazito uliopanda bila sababu.

Sitaki nieleweke kwamba sifuri imeharamishwa. Kuna mahali ambapo palipo wazi ni sifuri kweli. Wakala wa fedha za simu ambaye leo hana muamala, jumla yake kwenye hifadhidata itatoka NULL kwa sababu hakuna mstari wa kujumlisha, na kuigeuza kuwa 0 ni sahihi kabisa, maana muamala hauwezi kutokea nje ya mfumo. Mfumo wenyewe ndio unaoutekeleza. Ugonjwa hautokei ndani ya DHIS2. Unatokea kijijini, na kati ya kijiji na kompyuta kuna mgonjwa anayeamua kwenda au kutokwenda, muuguzi, kitabu, barabara, na mwingizaji data. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kukatika. Basi kabla ya kuandika COALESCE na sifuri, mwandishi wa programu ajiulize kama tukio lingeweza kutokea bila mashine yake kujua. Kama lingeweza, aondoe mkono.

Wala sikatai kukadiria. Wanatakwimu wanajaza mapengo kila siku, kwa kutazama miezi iliyopita ya kituo hicho au vituo jirani, na Rubin mwenyewe ndiye aliyewafundisha kujaza mara nyingi kwa thamani tofauti ili shaka ionekane kwenye jibu la mwisho. Wanajaza wakitangaza, na namba iliyokadiriwa inabeba alama yake. Sifuri ya ofisini haibebi alama. Ikishaingia kwenye jedwali, hakuna atakayeijua tena. Mwaka mmoja baadaye hata aliyeiweka hataweza kuitenganisha na sifuri ya muuguzi wa kituo cha tano.

Ninachokidai hakihitaji mfadhili. Karibu na kila kisanduku kilicho wazi pawe na sababu, kwa neno moja: hakijaleta, hakikupimwa, hakihusiki, rejesta imepotea. Karibu na kila wastani pawe na idadi ya vituo vilivyoutoa na idadi ya vilivyotakiwa. Jumla yenye pengo ianze na "angalau". Na hukumu ya nini cha kufanya na pengo iandikwe kabla namba hazijafika, ili mtu asichague jibu linalompendeza akishayaona yote mawili. Kijana anayeunda programu anaweza kuyaweka haya kwa wiki moja. Kwa vile vituo vitano, mstari wa ripoti ungesomeka hivi: kuhara, chini ya miaka mitano, angalau 100, wastani 25, vituo 4 kati ya 5, kituo cha nne hakijaleta, barabara imekatika tangu tarehe 11.

Mganga Mkuu wa Wilaya akipewa 20, atageuza ukurasa, na atakuwa na haki. Akipewa mstari huo atapiga simu zahanati mchana ule ule, na isipopokelewa atamtuma mtu wa pikipiki afike hadi pale njia ilipokatika, amalizie kwa miguu, arudi na karatasi. Na kwa kuwa ni mwezi wa mvua na ni kuhara kunakoulizwa, atampakilia ORS na zinki kabla hajaondoka.